Vigae vya Mto Pangani na Mkufu Nilioukataa

Leo siongelei lesi wala shela. Tangu mwezi wa Shaaban mabibi harusi watatu, kwa nyakati tofauti, wameona picha kwenye stetasi yangu wakaniuliza swali lile lile: "Dada, vile vipande vya vyombo vyenye maua ya buluu unauza? Naweza kutengenezewa mkufu?" Jibu ni hapana. Nimeona nilieleze mara moja kwa kirefu, maana kila nikilijibu kwa ujumbe mfupi naonekana nina maringo.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Kigae ninachokisema si kile cha kupigia sakafu. Ni kigae kwa maana ya bibi zetu, yaani kipande cha chungu, cha mtungi au cha sahani iliyovunjika. Kikiwa kikubwa ni gae. Bibi yangu alikuwa nalo moja jikoni, la kwenda kuombea kaa la moto kwa jirani kibiriti kikiisha, na chungu lilikotoka alikinunua soko la Kwa Sadala kwa mama mmoja wa Kipare kabla mimi sijazaliwa.

Mimi ni mtu wa Masama, wilaya ya Hai, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji, na sasa nina duka langu Moshi mjini. Mtoto wa mlimani anajuaje habari za maji kujaa na kupwa? Anazijua kwa sababu ya mto. Mito yetu, Kikafu na Weruweru, inashuka mpaka Kikuletwa, maji yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka huko yakiitwa Pangani, yanapita Korogwe na Hale, yanamwagika baharini kwenye mji wenye jina hilo hilo la Pangani. Dada yangu mkubwa ameolewa Bweni, ng'ambo ya mji, unavuka kwa pantoni. Mume wangu hupeleka ndizi na maparachichi Tanga, kwa hiyo mara nne tano kwa mwaka napanda naye. Yeye anashughulika na mzigo wake, mimi nakaa kwa dada siku mbili tatu na oda zangu za nguo. Nikisimama pale ukingoni huwa nawaza kwamba maji haya mengine yalipita kwenye mfongo ulio nyuma ya kihamba cha baba, yakanywesha migomba, yaliyobaki yakaendelea na safari.

Pangani mto unapokutana na bahari, maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Yakishuka ukingo unabaki wazi, tope na mchanga na mizizi ya mikoko, na humo ndimo vigae vinapoonekana. Havichimbwi. Mto wenyewe unaumega ukingo, unaviosha, unaviacha vimelala juu kama vyombo vilivyoanikwa. Unachofanya wewe ni kuinama na kutazama.

Siku ya kwenda inajulikana kwa mwezi, na hapa sisi wenye kalenda ya Kiislamu ukutani tumerahisishiwa. Bahari hujaa sana na kupwa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hapo hutaona kitu, kalale. Kama unafunga zile siku tatu nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, basi ukimaliza kufunga bamvua ndiyo kwanza linakolea. Pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo inakaribia mita 4, na maji huwa yamekupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Umeshapika uji, umeshafagia, unakwenda. Saa moja na nusu hivi inatosha, kisha unageuka, kwa sababu maji yakianza kurudi hayakusubiri.

Kuhusu vazi, fundi cherehani lazima aseme neno. Baibui la kuburura halifai tope, litakuangusha. Nimejishonea kanzu ya pamba inayoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, ndani suruali pana yenye lastiki chini, mtandio mfupi uliobanwa vizuri usipeperuke usoni, miguuni yeboyebo. Unasitirika na unaweza kuchuchumaa. Usiende peke yako, na usipande juu sana ya mto, kuna mamba. Hilo la mamba silisemi kwa kutisha watu, waulize wenyeji.

Sasa tuje kwenye vyenyewe. Wengi wanadhani nasaka vile vya maua tu, na kweli ndivyo vinavyopendeza pichani. Vingi kati ya hivyo si vya kale sana. Karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilikuwa vikituma mabakuli na sahani pwani yetu kwa wingi, na kimojawapo ni cha Petrus Regout, mjini Maastricht, Uholanzi, kilichoanza miaka ya 1830. Walijua tunachopenda: bakuli pana la wali, rangi kali, maua ya kupigwa mhuri. Mlioko visiwani tazameni kwenye makabati ya bibi zenu, geuzeni bakuli msome chini. Kama limeandikwa Maastricht, tafadhali msilipe watoto kuchezea.

Vya kale zaidi havina maringo. Kuna vya rangi ya feruzi iliyochujuka, vinene, vimetoka kwenye mitungi mikubwa iliyoletwa kwa majahazi kutoka Iraki na Uajemi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Unguja Ukuu vimefukuliwa vingi vya aina hiyo, kwa hiyo wenzangu wa kisiwani mnavikanyaga zaidi yangu. Kuna vya kijani kilichopoa, kama tango lililomenywa, hivyo ni vya China, na mimi kwa miaka yote hii nimeviona mara mbili tu. Mara zote mbili dada aliniita kwa sauti nije kula na mimi siitiki.

Lakini ninavyovipenda kuliko vyote ni vyungu vyetu wenyewe. Havina mng'aro. Ni udongo mwekundu au mweusi wenye chembe za mchanga, mara nyingine masizi bado yameshika kwa chini. Mtu alipikia. Shingoni mwa baadhi yake kuna mistari ya kukwaruza iliyopangwa pembetatu pembetatu, imezunguka chungu chote, imechorwa udongo ukiwa mbichi. Wataalamu wanasema vyungu vya pembetatu hizo ni vya kuanzia karne ya 6 au ya 7 hadi ya 10, na vimepatikana kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji, visiwani na hata ndani bara. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyevipa jina linalotokana na hizo pembetatu. Mimi nikiziona naona darizi. Mwanamke aliyekaa na chungu kibichi mapajani akapanga pembetatu zote zitoshane mpaka mwanzo ukutane na mwisho bila kubanana, huyo alikuwa anapima kwa jicho kama ninavyopima shingo ya gauni. Aliyewahi kushona ukosi wa duara wenye nakshi anajua ile hatua ya mwisho inavyotoa jasho.

Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nadhani yule alijiwekea kimoja kizuri, ila siwezi kuthibitisha.

Kuna kipande kimoja niliduwaa nacho. Kilikuwa cha udongo, kimepinda, kina matundu matatu yaliyotobolewa kwa kijiti na weusi ndani. Dada alikitazama mara moja tu akasema, "Hiki chetezo, mdogo wangu." Kweli ni chetezo. Tulichuchumaa pale na yeye akakileta puani, eti kinanuka udi. Hakikunuka chochote ila tope. Lakini tulicheka na huku tumenyamaza, kama mnavyoelewa wenyewe mliofukizwa usiku wa harusi. Hata sisi tulikifikiria chumba.

Watu wa bara wenzangu wananiambia mambo haya ni ya pwani, sisi hayatuhusu. Si kweli. Karne ya 19 Pangani ulikuwa mlango wa misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Merikani, kaniki na shanga zilipanda, pembe za ndovu na watumwa walishuka. Merikani! Kitambaa kile cheupe cha pamba kutoka Marekani kilipita kwenye ukingo huu huu kikapanda mpaka kwetu. Na zamani zaidi ya hapo pia kulikuwa na njia. Mwanaakiolojia Jonathan Walz alilifuatilia bonde hili la Pangani, na katika utafiti wake aliouandika mwaka 2010 anaeleza shanga za kioo na za makombe ya bahari zilizopatikana mbali na pwani, hadi upande wa Gonja chini ya milima ya Upare, karne nyingi kabla ya misafara ile ya pembe. Kwa hiyo mwanamke wa bara alivaa shanga ya baharini, na chungu cha bara huenda kilishuka na mto. Tumekuwa tukiletana vitu siku nyingi sana.

Sasa ule mkufu.

Mwaka jana baada ya Idi ya kuchinja alinipigia mama mmoja anayepamba mabibi harusi, mteja wangu wa siku nyingi, simtaji. Ameona mtandaoni mikufu na herini za vipande vya sahani za kale, vimezungushiwa waya wa fedha, zinauzwa bei mbaya. Alitaka vipande 40, vya buluu na vya feruzi, kila kimoja shilingi 15,000. Fanya hesabu. Laki sita, kwa kitu nilichokiona kimelala kwenye tope bila mwenyewe. Na mimi wakati huo nilikuwa natafuta mashine ya ovaloki, ile niliyokuwa nayo ilikuwa inakata uzi kila baada ya dakika mbili, na msimu wa harusi unakuja. Sikulala vizuri siku mbili, nisiwafiche.

Dada alikuwa upande wa mama yule, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema, "Mdogo wangu, wewe unaviacha kwa heshima, maji hayana heshima. Bamvua lijalo havipo. Afadhali vikae shingoni mwa mtu kuliko vipotee." Kweli ukingo unamegeka. Upande wa mjini umejengwa ukuta wa kuzuia maji, lakini huku kwetu Bweni na kwenye mikoko mto unajichukulia. Sehemu nilizotembea miaka mitano nyuma leo ni maji. Hoja hiyo sijaijibu mpaka leo kwa namna ya kumridhisha dada.

Nilianza na sheria kwa sababu ndiyo rahisi. Kwa Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863 ni cha kale kisheria. Huruhusiwi kuchimba bila leseni, huruhusiwi kuuza wala kupeleka nje bila kibali, na ukigundua kitu unatakiwa utoe taarifa. Hata milango ya kuchonga ya kabla ya mwaka 1940 inalindwa. Zanzibar ina sheria yake na idara yake. Wenzetu wa London, ambako kuokota vitu vya kale kwenye kingo za mto Thames ni mchezo wa watu wengi, wanachukua kibali cha mamlaka ya bandari, na wakipata kitu cha zaidi ya miaka 300 wanakipeleka kwa afisa wa makumbusho kiandikwe. Hata kwao si kila mtu ajiokotee tu.

Lakini sheria peke yake haikunituliza. Je, kigae cha feruzi na cha mwaka 1890 utavitenganishaje kwenye tope, na cha mwaka 1890 si kinaruhusiwa? Hapo nikamuuliza ustadhi aliyenifundisha Kurani utotoni, nikampelekea habari ya lukata, kile kitu cha kuokota kinachotangazwa mwaka mzima mwenyewe atafutwe, na habari ya rikazi, hazina ya kale iliyozikwa ambayo humo inatolewa khumusi. Nilitaka anipe mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kitu kimoja tu: kama mwenyewe hawezi tena kupatikana, je, hakuna mtu mwingine mwenye haki ya kukijua kile kitu kabla wewe hujakiuza? Kisha akasema sheria ya nchi ikikataza jambo na kukataza kwenyewe hakupingani na dini, Muislamu anaifuata, na akaniombea dua ya riziki. Mlango sikupata. Nilipata dua, alhamdulillah.

Kilichokata shauri kabisa ni kitu kingine. Mwaka 2020 watafiti, akiwamo Vittorio Maselli na mwanaakiolojia Mtanzania Elinaza Mjema, walichapisha katika jarida la Geology matokeo ya kazi yao hapo hapo kwenye ghuba ya Pangani. Chini ya ardhi walikuta tabaka la mchanga wa bahari ambalo halikutakiwa kuwa pale, na ndani yake vigae pamoja na mifupa ya watu. Hao watu hawakuzikwa. Walilala kama walivyoachwa na maji. Takriban miaka 1,000 iliyopita wimbi kubwa la tsunami lilivuka bahari ya Hindi likafunika mji mdogo wa Waswahili uliokuwa hapo. Mahesabu yao yanaelekeza kwenye tetemeko la upande wa Sumatra, kule kule lilikotokea lile la tarehe 26 Desemba 2004 lililoua watu hadi huku kwetu Tanzania.

Wapenzi, mimi nashona nguo za harusi, lakini mtaani kwetu mwanamke akifariki huwa wananiita pia nikakate sanda. Haishonwi, inakatwa, na ya mwanamke ni nguo tano. Nimekata ya mama yangu mdogo kwa mkasi huu huu. Unakata taratibu, hakuna anayeongea, na kila kipande unakikunja unakiweka kwa mpangilio wake. Nilipoelezwa habari ya wale watu wa Pangani, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba hakuna aliyewakatia. Wapishi, wafinyanzi, watoto wao, wote na vyungu vyao mkondo mmoja. Wawe walikuwa na dini gani, hawakupata hata kitambaa. Nikakumbuka nimewahi kusimama kwenye ukingo ule nikihesabu vipande 40 kwa macho nione kama vitatimia.

Nikampigia mama yule nikamwambia siwezi. Alikasirika, akaniambia nimekuwa mlokole. Tulikaa miezi miwili bila kusalimiana, kisha binti yake akachumbiwa, na mashallah gauni alileta kwangu.

Si mara ya kwanza vyombo vya watu kung'olewa mahali pake kwa ajili ya urembo. Nendeni Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, au Kaole kule Bagamoyo, mtazame makaburi ya kale yenye nguzo. Wenyewe walipachika mabakuli ya kigeni kwenye kaburi la mtu wao, wamempamba. Leo mahali pengi yamebaki matundu ya duara tu, bakuli limekwenda. Aliyeling'oa bila shaka naye alisema ni afadhali likae nyumbani kwake kuliko lipotee. Likishaondoka pale haliwezi tena kutueleza limetoka kaburi la nani. Kigae nacho ni hivyo hivyo. Kikiwa kwenye ukingo, kwenye tabaka lake, mtaalamu akija anasoma: hapa walipika, hapa maji yalifika, hapa waliacha kununua cha Uajemi wakaanza kununua cha China. Kikiwa shingoni kwako ni kipande cha sahani.

Kwa hiyo nafanya hivi. Sikichukui. Napiga picha kikiwa pale kilipolala, halafu naweka futi yangu ya kushonea pembeni napiga tena, ili anayetazama ajue ukubwa. Naandika kwenye daftari tarehe, ni bamvua la mwezi gani wa Kiislamu, hatua ngapi kutoka kwenye mkoko fulani au kwenye ngazi za pantoni, na kama kimetoka ukingoni au kimeletwa na maji. Daftari ni lile lile la vipimo vya wateja, nimelianzia nyuma. Kwa mbele kifua 96, kiuno 78, kwa nyuma kigae cha pembetatu, urefu sentimita 7. Mwaka huu nilimpelekea afisa utamaduni wa wilaya kurasa zote pamoja na picha. Alinikaribisha vizuri, akanakili, akaniambia niendelee, na yale maeneo mawili ukingo unapoanguka haraka akasema atawaarifu wahusika wa mambo ya kale. Watakuja lini, Mungu ndiye ajuaye. Dada naye anasema bahari itawatangulia. Inawezekana kabisa.

Na ovaloki? Nilinunua, kwa mkopo wa kikundi chetu cha kinamama, nimemaliza kulipa mwezi wa Rajabu.

Kwa wale watatu mlioniuliza, mkufu sina, lakini kuna kitu kingine nataka mkione. Zile pembetatu za shingoni mwa chungu nilizichora kwenye karatasi ya patani, nikazipanua, nikazidarizi kuzunguka shingo ya gauni la nikahi, uzi wa rangi ya mchanga juu ya satini nyeupe, na chini yake mistari miwili ya kukwaruza kama walivyofanya wao. Haina ua wala dhahabu. La kwanza nilidhani halitapata mteja, na lilichukuliwa kabla sijalipiga pasi. Tangu hapo nimeshona matano. Kazi ya shingo peke yake inanichukua siku tatu kwa sababu naihesabu kwa mkono, kila pembetatu, mpaka ya mwisho iingie bila kubanana. Nikishindwa nafumua. Wa visiwani nitawatumia kwa boti, ila vipimo nileteeni mapema, na tafadhali mpimwe na mtu, msijipime wenyewe mbele ya kioo.

Dada ameagiza moja la binti yake, harusi ni mfungo tano inshallah. Ametaka pembetatu ziwe za buluu. Alipokuja kujaribisha alijitazamia yeye kwanza, amelishikilia kifuani mbele ya kioo muda mrefu, halafu akaniambia limetulia, ila bado anaona zile laki sita nimeziacha kwenye tope.